Kisigino cha Safina na Mwiba Ambao Haukuwepo

Kila asubuhi Safina alifagia mbele ya kibanda cha baba yake, Mzee Kudura, fundi viatu wa Nyasho, akanywa chai, kisha akakimbia hadi shuleni. Wiki ile alichechemea. Kisigino cha kulia kilimuuma, na mwisho wa mwezi alitarajiwa kumalizia mbio za kupokezana vijiti huko Butiama.

Nyumbani baraza liliketi na kutoa hukumu: kuna mwiba. Shangazi Ikhlas akachokonoa kwa sindano, hakupata kitu. Jirani akavaa miwani, akachokonoa tena, hakupata kitu. Basi ikaamuliwa, kwa uzito unaostahili, kwamba mwiba huo umeingia ndani sana. Mzee Kudura akatangaza kuwa mtoto atapasuliwa.

Kesho yake Safina akasema amepona. Akaendelea na mazoezi huku akiuma meno, mpaka siku alipoanguka katikati ya uwanja kabla hajapokea kijiti. Mwalimu Mugeta akamwita baba yake, wakampeleka kituo cha afya.

Daktari Helena alikibonyeza kisigino pande zote mbili. Safina akaruka.

"Hakuna mwiba," daktari alisema. "Mfupa wa kisigino chake bado unakua, na msuli wa nyuma ya mguu unauvuta kila akikimbia."

"Basi pasua tu, daktari," Mzee Kudura alisema.

"Mzee wangu, nipasue nitafute nini?"

Daktari akaagiza mapumziko, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kunyoosha msuli kwa kuegemea ukuta, na viatu laini. Wote wakatazama miguuni mwa Safina. Alivaa katambuga za tairi, ngumu kama barabara, kazi ya mikono ya baba yake. Fundi akakohoa.

Mapumziko yalimchosha Safina kuliko mbio. Kila jioni wenzake walikimbia, yeye akasukuma ukuta wa darasa. Fahadi, mwenzake wa timu, alipita karibu makusudi.

"Leo umeusogeza mpaka wapi?"

Safina alitamani kumsogeza yeye. Kisigino kilipona polepole mno, na timu ikaenda Butiama bila yeye, ikashika mkia.

Maumivu yalipokwisha, mwalimu alimrudisha uwanjani kidogo kidogo. Mashindano ya Bunda yalipofika, alivaa raba ambazo baba yake alizitia kipande cha godoro kisiginoni. Alipokea kijiti akiwa wa tatu, akamaliza wa kwanza.

Mzee Kudura alimngoja aache kuhema.

"Ungesema ukweli, ungekimbia hata kule Butiama."

"Niliogopa kupasuliwa, baba."

"Najua. Kisu nilikitaja mimi kabla sijajua unaumwa nini." Akainama, akamlegezea kamba za raba. "Ukiumwa, sema mapema. Na mimi nitamuuliza daktari kwanza, ndipo niseme."