Ulinichekea, Sista

Saa ya kuona wagonjwa, watu walibanana ndani ya lifti kama dagaa, na mlango ulipojifunga ukauma pindo la gauni jeupe la nesi. Alivuta, wapi! Kijana mrefu mwenye shati la waridi akachomoa kitana mfukoni, akakipenyeza kwenye ufa, pindo likatoka.

"Pole, sista. Usidhani nimekuja kujipamba. Mimi kinyozi."

"Na kinyozi anakwenda kufanya nini ghorofa ya juu?" nesi aliuliza, akitazama kitufe alichobonyeza kijana. "Kule hatuna saluni."

Tabasamu la kijana likanywea. "Baba yangu yuko kule. Mahututi."

Nesi akatamani lifti immeze. Kule ndiko alikofanya kazi, katika chumba kisicho na dirisha ambamo mashine ziliwapumulia watu. Na mzee wa kitanda cha pembeni, aliyepasukiwa na mshipa kichwani, alikuwa mgonjwa wake.

Ndugu waliingia mmoja mmoja. Kinyozi alisimama mbali na kitanda, mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kugusa vyombo.

"Mshike," nesi alimwambia. "Huu mrija ni wa hewa, huu wa chakula. Lakini mkono ni wa baba yako."

Kesho yake kinyozi aliomba kumnyoa. Alizungusha wembe taratibu pembeni ya mrija, huku akimsimulia baba yake habari za wateja wabishi: mmoja ana upara, bado anataka apunguziwe kidogo tu. Nesi akacheka ndani ya barakoa mpaka machozi yakamtoka. Hapo ndipo penzi lilipoanza.

Zikafuata simu.

"Umekula, laazizi?"

"Bado. Umenipigia kuniulizia mimi au baba?"

"Wote wawili. Baba vipi?"

"Yuko vilevile. Tunamwangalia."

"Sauti yako inacheka. Basi kuna nafuu."

Nesi akaaga haraka, akarudi kazini. Kila alipomulika macho ya mzee kwa kurunzi, mboni hazikushtuka, dalili kwamba ubongo umezima. Lakini amri ya wodi ilikuwa moja: habari nzito hutolewa na daktari, na daktari mwenyewe alipita kama upepo. Tena kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakuthubutu hata kujiambia. Alipenda kumwona kijana yule akija na matumaini yake, shati limenyooshwa, ananukia marashi. Akisema, amevunja amri. Asiposema, anamdanganya mpenzi wake. Akawa kama panya aliyenasa, kila akijitikisa mtego unakaza.

Siku daktari alipowaita ndugu, kinyozi alikuja na dada yake mkubwa, naye kabeba pijama mpya za kumrudishia baba nyumbani. Walipotoka, dada alikuwa amezikumbatia kifuani. Kinyozi akamwendea nesi moja kwa moja.

"Ulikuwa unajua kwamba hatapona?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujamnyoa."

"Ulinichekea, sista! Nimewaambia ndugu zangu wote baba anarudi. Mpaka shangazi nimempigia."

"Sikuruhusiwa kusema..."

"Na kunipenda, alikuruhusu nani?"

Tangu hapo simu zake hazikupokewa. Kinyozi alimtazama baba yake wakati wa zamu za manesi wengine. Nesi akaendelea na kazi mle ndani, mpaka siku moja akamwendea sista mkuu.

"Mama, daktari akiongea na ndugu wa mgonjwa wangu, naomba niwepo. Na wakiniuliza ninachokiona, niseme ninachokiona."

"Utajitafutia makubwa, mwanangu."

"Nimeshayapata, mama."

Sista mkuu akafunga daftari lake. "Haya. Nitaongea na daktari."

Haikupita muda, asubuhi moja hali ya mzee ikabadilika. Nesi alimwita daktari, kisha akampigia dada mkubwa.

"Dada, shikamoo. Naomba umpe simu mdogo wako."

"Nini tena?" sauti ya kinyozi ilikuwa kavu.

"Presha ya baba inashuka, na dawa hazimwinui tena. Daktari anajua nakupigia. Nadhani ni leo. Njooni sasa hivi."

Sauti ile ikalegea: "Tunakuja."

Safari hii aliwaingiza wote wawili, akawawekea viti.

"Anaumia?" kinyozi aliuliza.

"Hapana. Hilo nina hakika."

"Ananisikia?"

"Sijui. Lakini ongea naye."

Akaongea. Alimwomba radhi, akamshukuru, akamtajia wajukuu mmoja mmoja. Kabla ya adhuhuri mzee akatulia. Dada akalia kwa kwikwi. Kinyozi akatoka, akakaa kwenye benchi la ukumbini kama mzigo uliotupwa.

Nesi alimfuata. "Siwezi kukaa. Nina wagonjwa wawili mpaka jioni."

"Najua. Nenda." Kisha akamshika mkono. "Ila sista, siku nitakapokuuliza jambo la mimi na wewe, usinipe jibu la wodini."

"Uliza sasa."

"Leo siwezi. Leo nina msiba."

"Basi chukua jibu kabisa, swali utaleta baadaye," nesi alisema, machozi yakimlowesha barakoa. "Ni ndiyo."

Ndani, mashine ya mgonjwa mwingine ikaanza kulia. Akaubana mkono wa kijana, akauachia, akavaa glovu mpya, akaingia.