Komeo la Dada Keki

Uchochoro wa vipuri siku ya Jumamosi, mtu hapiti bila kukanyagwa. Pasi zilizoungua, feni zisizo na mapanga, redio zinazopigishwa kelele ili mwenye duka aonyeshe kwamba zimepona. Katikati ya zogo hilo alipita Dada Keki, gauni la njano limemkaa kama alizaliwa nalo, unga umemkaukia kwenye nyusi, mkononi kashika kipande cha chuma ndani ya leso kama jino lililong'olewa.

Maduka yote alikoingia walitazama gauni kwanza, chuma baadaye.

"Samahani kaka, unayo kama hii?"

Mwanamume aliyechuchumaa mbele ya friji hakuinua kichwa. Alikuwa na skrubu mdomoni, na shati lake la kazi limepigwa pasi utadhani anakwenda harusini. Alilipapasa friji mgongoni, akaliambia, "Pole, mama. Pole," ndipo akalifungua.

Dada Keki akaangua kicheko. "Friji unalipa pole, mimi mteja nimesimama juani hata salamu sipati?"

Akatema skrubu kiganjani. "Friji linaumwa. Wewe naona mzima. Mzima sana tu."

"Macho chini, fundi. Tazama chuma."

Akakipokea, akakigeuza. "Komeo la mlango wa oveni. Ndoano imelika, mlango unafunga lakini haushiki. Keki zako zinaumuka vizuri, halafu zinakaa chini ghafla kama mtu aliyeletewa habari ya msiba."

"Nani kakwambia naoka keki?"

"Unga kwenye nyusi, dada. Na hiyo hasira."

Jioni yake Fundi Pole, maana ndilo jina walilompa kwa kuzipa pole mashine, alikuwa amepiga magoti jikoni kwa akina Dada Keki. Nyumba ile haikujua upweke. Sebuleni mama alikuwa akishona nguo za watu, cherehani ikinguruma tangu asubuhi, wateja wamekaa hadi mlangoni. Kwenye kochi la pembeni alitawala shangazi, mwenye habari za mtaa mzima kabla hazijatokea.

Fundi alipomaliza kufunga komeo jipya alichana ukanda wa gazeti, akaubana na mlango wa oveni.

"Vuta."

Dada Keki akavuta. Ukateleza, ukatoka.

"Hapo ndipo joto linapotorokea." Akakaza skrubu. "Vuta tena."

Safari hii karatasi iligoma. Vidole vyao vilikuwa vimeshika ukanda mmoja, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuachia.

"Sikiliza," fundi akasema, sauti imeshuka. "Mlango huu ni mzito. Skrubu hii ikilegea, mtu yeyote asiwashe. Niite."

"Nikuite tu?"

"Niite hata ikiwa haijalegea."

Mara ya kwanza ililegea yenyewe, haki ya Mungu. Mara ya pili haikulegea. Dada Keki alichukua kisu cha siagi, akaizungusha kidogo, akapiga simu.

"Daktari, mgonjwa wako kazidiwa."

"Ana homa?"

"Ana homa, na hataki kuguswa na daktari mwingine."

"Basi mwambie ajikaze, niko njiani. Na muuguzi avae lile gauni la njano."

Fundi akaja, akatoa pole, akakaza, karatasi ikabanwa, ikavutwa. Hakuuliza kitu. Mchezo ukanoga. Shangazi akiwa kwenye kochi lake alikuwa akihesabu safari hizo kwa miguno.

"Oveni hii inaumwa kuliko marehemu bibi yangu," akamwambia mama, "na bibi alikuwa anakata roho!"

"Waache, wifi," mama akasema, pini mdomoni. "Ndiyo kwanza naona kijana anayevua viatu bila kuambiwa."

Kisha fundi akapotea wiki nzima. Simu akipokea, anajibu kwa mkato: nina shughuli, mpenzi, vumilia. Na shangazi naye mdomo wake haukuwa na komeo.

"Mwanangu, mimi sisemi kitu. Lakini yule mjane wa ghorofa ya juu, yule mwenye kucha ndefu, friji lake nalo limeanza kuumwa."

"Shangazi, friji ni friji."

"Na oveni ni nini?"

Asubuhi iliyofuata, kabla nyumba haijaamka vizuri, Dada Keki alitwaa kisu cha siagi. Safari hii hakuzungusha kidogo. Alizungusha kwa wivu.

"Imelegea tena," akasema simuni, bila mzaha.

Upande wa pili fundi akacheka taratibu. "Nakuja jioni. Nilikuwa nakuja hata hivyo. Vaa njano, tafadhali. Leo hasa."

"Kwa nini leo hasa?"

"Wewe vaa."

Moyo ukamruka. Akasahau mjane, akasahau na kucha zake. Akachukua mkoba, akatoka mbio kununua sukari ya unga, na kwa furaha ile hakumwambia mtu yeyote nyumbani kwamba oveni isiwashwe.

Mama aliiwasha. Alitaka kuwapashia wateja mkate. Alipoinama kuchungulia kiooni, mlango ukafunguka wenyewe kwa kishindo, trei ikafuata, na mama, kwa ile akili ya kina mama ya kuokoa chakula kwanza, akaidaka kwa mkono wa kulia. Ule wa mkasi. Ule wa kuongoza kitambaa.

Jioni mama alirudishwa kutoka hospitali, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Daktari alikuwa amesema utapona, ila vidole visitegemewe sana. Majirani walijaa sebuleni, kila mmoja na dawa yake ya moto. Ndipo hodi ikabishwa mlangoni.

Alikuwa Fundi Pole, ndani ya suti ya kijivu, kiatu kinang'aa. Nyuma yake mzee mwenye kofia mkononi, baba yake mkubwa, aliyesafiri kutoka mbali. Ndiye aliyekuwa akisubiriwa wiki nzima ile. Kifurushi walichobeba kilikuwa na utepe. Hakuna aliyehitaji kuambiwa wamekuja kufanya nini.

Shangazi akainuka. "Mnaleta utepe? Leteni na mkono wa wifi yangu! Kila siku anakaza, kila siku inalegea! Fundi gani wewe, au ulikuwa unakaza kwa macho?"

Fundi akatazama bandeji. "Naomba nione oveni."

Watu wakampisha. Alipiga magoti na suti yake, akaweka kiganja juu ya bati. "Pole," akanong'ona, kisha akaitazama skrubu. Kichwa cha skrubu kilikuwa kimechubuliwa upya, na ndani ya mkwaruzo kulikuwa na alama ya siagi.

Akainua macho. Dada Keki alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na gauni lake la njano.

Walitazamana muda wa kutosha mtu kusema neno, na neno lenyewe lilikuwa moja tu: mimi. Dada Keki alitazama bandeji. Alitazama shangazi, majirani, mzee wa watu na kofia yake. Macho yakashuka sakafuni.

Fundi akasimama. "Kosa ni langu, mama. Nilifunga vibaya. Nisamehe."

Baba mkubwa akafumba macho, kama aliyepigwa kofi mbele za watu.

"Toka," mama akasema. "Toka, na mashine ya mtu usiiguse tena maisha yako."

"Nitatoka, mama. Niruhusu nisiiache hivi, isije ikaumiza mwingine."

Akaufuata mfuko wake wa kazi kwenye gari walilokuja nalo, akavua koti, akafanya kazi huku akitukanwa. Nyundo ililia mara kadhaa. Kisha akamshika mzee mkono, wakaondoka na kifurushi chao.

Fundi hakupokea tena simu za Dada Keki. Mwishowe Dada Keki akaenda uchochoroni, akasimama pale pale juani.

"Ni mimi niliyeilegeza," akasema. "Nisamehe, mpenzi."

"Najua," fundi akajibu, mikono ndani ya feni ya mtu. "Najua tangu ile mara ya kwanza ya kisu. Kila nikiona mikwaruzo yako nilikuwa nafurahi hadi naona haya."

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

"Nilikusubiri, ukatazama chini. Ningefanya nini, nikushtaki mbele ya mama yako?"

"Leo nimesema."

"Umeniambia mimi. Mimi nilikuwa najua. Wasiojua ndio waliokuwa sebuleni."

Akarudi nyumbani akasema mbele ya watu wote, wateja wakiwepo, shangazi akiwepo. Mama alikuwa akijifunza kuongoza kitambaa kwa mkono wa kushoto, mshono unayumba kama mlevi. Akasimamisha cherehani.

"Mkono ni mkono, mwanangu," akasema. "Lakini mtoto wa watu aliniomba msamaha nami nikamfukuza, na wewe umesimama pale unanitazama. Piga simu. Nipe."

Aliposikia sauti ya mama, fundi alijibu kwa adabu. Shikamoo, mama. Mkono unaendeleaje? Hapana mama, mimi ndiye wa kuomba radhi. Yalikwisha, mama.

"Na binti yangu, baba?"

Mama akasikiliza kidogo, akaitikia kwa kichwa kana kwamba anaonekana, akairudisha simu ikiwa imekatika.

"Kasema nini?"

"Kasema oveni haitasumbua tena."

Shangazi akainuka kochini, akaenda kulala.

Nyumba ilipotulia, Dada Keki aliingia jikoni, akachukua kisu cha siagi, akainama kwenye komeo. Skrubu haikuwepo. Fundi alikuwa amepiga ribiti, zile za chuma zinazopondwa kichwa kwa nyundo huku na huku, zisizo na mahali pa kuingiza bisibisi, sembuse kisu.

Akachana ukanda wa gazeti, akaubana na mlango, akavuta. Akavuta kwa nguvu. Karatasi ikakatika, kipande kikabaki ndani, kipande mkononi mwake.