Kompyuta Isiyo na Feni

Rafiki yangu Obwocha, mwalimu huko Nyakoe, aliamua kujiundia kompyuta ndogo ya kutazamia filamu kwenye runinga. Alichagua vipuri visivyohitaji feni, kwa sababu Drusilla, mpangaji wa chumba kinachopakana na chake, alikuwa amemshtaki kwa kelele, na mwenye nyumba alisema Obwocha akilalamikiwa tena atahama.

Jioni moja, akikaza skrubu za mwisho, stima ikapotea, nyumba nzima ikawa giza. Drusilla akausukuma mlango, tochi ya simu mkononi.

"Mwalimu mzima unafungua kiwanda ndani ya nyumba? Zima hicho kidude. Kinanguruma tangu saa kumi. Kesho unahama."

"Mama, stima hakuna. Na hiki hakijawahi kuwashwa." Akakiinua kisanduku, waya ukining'inia.

Drusilla akatega sikio. Kimya.

"Na kunigongea ukuta je?" Drusilla akauliza.

"Si ni wewe unayegonga kila jioni?"

"Mimi sigongi. Mimi humpigia simu mwenye nyumba."

Drusilla anaishi peke yake; alikuwa amekifunga chumba chake, na ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Kutoka chumbani humo, mtu akagonga ukuta mara tatu, polepole. Kisha, humo humo, feni ikaanza kunguruma.