Uvundo Chini ya Kizulia

Wageni walipoondoka asubuhi, kazi ya Chiriku ilianza. Jina hilo alibandikwa na mjomba wake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata usingizini alikuwa akibishana na mtu. Mama yake alikuwa na vyumba viwili vya uani, alivyowapangishia kwa siku chache wasafiri waliovichagua mtandaoni. Vyumba hivyo ndivyo vilivyowalisha, ndivyo vilivyompeleka Chiriku shule. Kwa hiyo hakuna aliyevifanyia mzaha.

Mama alifua mashuka. Mjomba alikaza vitasa, akabadilisha balbu na kutoa maoni. Chiriku alifagia, akapiga deki, kisha akamalizia na kazi aliyoichukia kuliko mitihani: kusafisha kichujio cha bafu, kile kibati chenye matundu kinachozuia takataka zisiingie kwenye bomba la maji machafu.

Nywele zikiwa kichwani ni pambo. Zikishafika kwenye kichujio ni balaa. Zinajisokota na mapovu ya sabuni, zinaokota plasta ya kidonda cha mtu usiyemjua, kisha zinajipaka ute wa kijivu ambao hata mwalimu wa sayansi hana jina lake. Kuna mgeni mmoja alikuwa na nywele ndefu kiasi kwamba aliposhuka kwenye gari, watu walisubiri nazo zimalize kushuka.

"Zishike kwa karatasi, uzitie kwenye ndoo ya taka," mama alimfundisha. "Usizisukume ndani."

Chiriku alijaribu mara moja tu. Akaitupa karatasi, akakimbilia nje. Tangu siku hiyo akabuni njia yake: aliinua kichujio kwa ncha ya kijiti, akamwaga ndoo ya maji, nywele zikateleza shimoni, akakirudisha kikiwa kinang'aa.

"Umesafisha?" mama aliuliza akiwa uani.

"Kinang'aa kama kioo, mama."

"Taka umetupa?"

"Nimetupa."

Ikawa hivyo kila walipoondoka wageni. Lakini bomba nalo lina tumbo, na tumbo likijaa hucheua. Kwanza maji yalianza kukawia, wageni wakawa wanaoga wamesimama kwenye dimbwi vuguvugu la uchafu wao wenyewe. Kisha ukaja uvundo. Uvundo ule ulikuwa na miguu. Ulitoka bafuni, ukapita ukumbini, ukakaa kwenye kochi kama mkwe. Nzi waliingia kwa dirisha, wakanusa, wakageuza.

Rafiki yake wa nyumba ya pili alisimama mlangoni ameziba pua.

"Chiriku, leo kwenu mnachemsha soksi?"

"Chemsha za kwenu."

"Za kwetu zinanuka kama soksi. Hizi zinanuka kama mguu uliozikwa nazo."

Mama alimwaga dawa ya choo, uvundo ukainywa. Mjomba aliapa kuna panya amekufa darini. Akapanda, akashuka na utando wa buibui kichwani na mikono mitupu. Kisha akapata wazo alilolisifu mwenyewe kabla ya kulisema. Alinunua kizulia cha bluu chenye manyoya, akakitandika juu ya shimo la bafu, akapuliza marashi ya waridi. Sasa palinuka kama shada la maua lililosahauliwa jalalani. Wakapiga picha mpya za bafu na kuziweka mtandaoni. Katika picha, kusema kweli, palipendeza.

Chiriku alijua. Kila alipoona mama akinusanusa pembe za nyumba, alijua. Lakini mdomo ule usiopumzika ulipumzika hapo tu.

Basi jiji likatoa amri. Kila nyumba inayopokea wasafiri ikaguliwe, isajiliwe, na namba yake ya usajili ionekane mtandaoni. Nyumba isiyo na namba, nafasi zote ambazo wageni wameshaweka zitafutwa.

Bwana afya alikuja na mkoba kwapani na simu mkononi. Alipita vyumbani akiridhika. Alipofika bafuni, alitazama picha kwenye simu, akatazama sakafu, akarudi kwenye picha.

"Mbona kila picha ya bafu ina kizulia hiki?"

"Pambo tu, mkubwa," alisema mjomba.

"Watu hupamba kitanda, wewe umepamba shimo. Katika kazi hii, nikiona kitu kimepigwa picha kuliko bwana harusi, hicho ndicho ninachokiinua."

Akakiinua. Upande wa chini ulikuwa mweusi, umelowa, unavutika kama kamasi. Mende walitawanyika kama wanafunzi waliosikia kengele. Kwenye manyoya, vifunza vyembamba vilijinyonga polepole, kana kwamba vimeamshwa mapema. Mjomba alijikuta juu ya sinki. Hakuna aliyemwona akipanda.

Bwana afya alitoa leso. "Mama, nimekagua machinjio. Nimekagua soko la samaki siku umeme ulipokatika. Lakini leo ndiyo mara ya kwanza kutamani pua ingekuwa inavuliwa kama kofia."

"Tutapasafisha," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Mpasafishe. Namba sikupi. Mtu aje kuoga hapa aondoke na ugonjwa? Nitapita tena wiki ijayo."

Jioni simu ya mama ilianza kulia. Nafasi imefutwa, nyumba haijasajiliwa. Ikalia tena. Hata familia moja iliyokuwa imechukua vyumba vyote viwili kwa ajili ya harusi ilifutiwa nafasi yake. Mama akaigeuza simu kifudifudi mezani.

"Dada," alisema mjomba, "tuazime namba ya rafiki yangu. Nyumba yake imeshasajiliwa. Namba ni namba."

"Na uvundo tumwazime nani? Yule jirani wa kona aliweka namba ya mwenzake, leo nyumba yake mtandaoni haionekani hata kwa darubini. Niache nifikiri."

Kesho yake aliita fundi bomba. Fundi alimwaga maji, akayatazama yamesimama pale pale, akatikisa kichwa. "Huenda bomba limepasuka chini. Itabidi tuvunje sakafu mpaka ukutani."

Mama aliitazama cherehani yake kule ukumbini. "Vunja," alisema. "Nitauza cherehani."

Chiriku alihisi masikio yakimwaka. Cherehani ile ndiyo ingebaki kuwalisha kama vyumba vingekufa kabisa. Fundi alichora mstari wa chaki sakafuni, akashika nyundo.

"Mama, mwambie asivunje."

"Kaa pembeni, mwanangu."

"Bomba halijapasuka. Limeshiba. Mimi ndiye niliyelilisha nywele."

Nyundo ilibaki hewani. Mama alimgeukia.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuniuliza kama nimetupa taka."

"Na siku zote ukanijibu umetupa."

"Niliona kinyaa, mama. Halafu nikaona aibu."

Mama hakumpiga wala hakupaza sauti. Alichukua glavu za mpira msumarini, akampa. "Vaa. Aliyelilisha ndiye atakayelitapisha."

Fundi alimpa waya mgumu, ncha yake ameipinda kama ndoana, akamwonyesha jinsi ya kuuzungusha. Chiriku alipiga magoti. Akavuta. Kitu kikang'ang'ania, kikaguna, kikatoka: bonge la nywele, jeusi, linadondosha ute, ukubwa wa paka aliyenyeshewa. Akazungusha tena, akatoka ndugu yake paka. Kisha ukatoka ukoo mzima. Uvundo uliopanda shimoni ulimfukuza mjomba mpaka nje, akatapika kwenye maua ya jirani. Chiriku naye alitapika, ndoo ilikuwa karibu. Akajifuta kwa bega, akarudi kwenye waya. Alipomwaga maji, bomba lilikoroma, likameza yote kwa mkupuo mmoja.

Siku zilizofuata walisugua vigae, wakamwaga dawa, kizulia wakakichoma moto.

Bwana afya aliporudi, aliinama hadi pua ikakaribia sakafu, kisha akamwaga ndoo kwa mkono wake mwenyewe. Maji yakaondoka bila kuaga. Akatoa namba ya usajili papo hapo. Watu wa harusi walikuwa wameshapata kwingine, hao wakapotea. Ila namba ilipoonekana mtandaoni, wageni wengine wakaanza kuweka nafasi, na cherehani ikabaki mahali pake.

"Bwana afya," Chiriku alimwuliza alipomwona akifunga mkoba, "wewe huoni kinyaa?"

"Naona sana, binti. Kinyaa ni mlinzi mzuri, kinakuonyesha uchafu ulipo. Ila hakishiki ufagio. Ufagio unaushika wewe."

Mama alikuwa akikunja mashuka. Aliongeza bila kuinua kichwa:

"Na uchafu ukiuficha, mwanangu, hujauondoa, umeufuga. Uongo nao ni hivyo hivyo. Unaweza kuutoa ungali unywele mmoja, au usubiri mpaka uvunje nyumba ya mama yako."