Nyumba Iliyokataa Kushuka

Nyumba ya magogo hushuka. Mti hukauka, ukuta hujikaza, na kwa hiyo fundi huacha pengo la vidole vinne juu ya kila mlango, akalifunika kwa ubao, ili nyumba ipate mahali pa kujishusha kama mwenye kusujudu. Nyumba ya Lynette ilikuwa inapanda.

Aliyegundua ni Kangethe, mumewe, asubuhi moja ya Februari 2011, alipobandua ubao wa mlango wa mtoto na kukuta pengo limetanuka hata ngumi yake nzima inaingia.

"Kaka yako alipima akiwa amelewa?"

"Murithi hajaonja pombe tangu atoke Mombasa," alisema Lynette. "Wala hajakosea kipimo maishani."

Kweli, hakukosea. Aliijenga nyumba ile kwa mikono yake, huko ng'ambo, pembezoni mwa Scarborough, palipopakana na msitu wa Rouge. Alibandua maganda ya misonobari kwa kisu cha mishikio miwili, akachonga tumbo la kila gogo lilale juu ya mgongo wa mwenzake hata wembe usipite. Waumini wa kanisa lao walikuja kuipapasa tu. Ilinukia utomvu, ikatunza joto kama kifua cha mama.

Siku ya kuiweka wakfu, kabla mchungaji hajafika, Murithi aliushika mkono wa dada yake akauweka juu ya boriti kuu.

"Sema umepokea."

"Si tungoje maombi?"

"Sema tu, dada. Ni jasho langu hili."

Lynette akasema, kwa kuwa mtu hachunguzi zawadi ya aliyenyonya naye ziwa moja. Lakini imeandikwa, Bwana asipoijenga nyumba, waijengao wafanya kazi bure.

Juma lile la Februari harufu ya utomvu ilikoma, pakanuka udi ambao hakuna aliyeuchoma. Kisha magogo yakaanza kulia mchana kweupe, si ule mlio mkavu wa mti upasukao kwa baridi, bali mlio mzito, wa polepole, kama wa mtu mnene ageukaye kitandani akitafuta upande wa kulalia, ukianzia kwenye boriti, ukishuka ukutani gogo kwa gogo, mpaka ukafika usawa wa kitanda cha mtoto, ukanyamaza.

Jennifer, binti yao, alielewa Kiswahili lakini siku zote alijibu kwa Kiingereza. Alasiri moja Lynette alirudi kutoka zamu yake ya uuguzi akamkuta amesimama chini ya boriti, uso ameuinua.

"Unafanya nini hapo, mwanangu?"

Mtoto akajibu kwa Kiswahili cha pwani, cha mtu mzima, chenye adabu: "Mwambie fundi Murithi, kiti alichonipa ni kigumu. Nimepata kilicho laini."

Mchungaji Eustache, Mkongo mwenye sauti ya chini, alifika jioni ileile. Lynette akamweleza maneno ya mtoto, na yale ya Murithi chini ya boriti.

"Mama Jennifer, huyu atatoka. Lakini Neno linasema, pepo mchafu akimtoka mtu hurudi nyumbani kwake alikotoka, na akiikuta tupu, imefagiwa, huchukua wengine saba walio waovu kuliko yeye. Ndugu yako alimwondoa kwake bila kumkaribisha Bwana. Mwite. Tuanze na yeye."

Lynette akafungua spika ya simu, akampigia Murithi, aliyeishi peke yake katika jengo la ghorofa huko Jane na Finch, upande wa pili wa jiji. Alipomuuliza, Murithi hakukana.

"Huko Mombasa nilimwomba pepo huyo mkono usiokosea," alinong'ona. "Akanipa, akaninyang'anya usingizi. Mganga alisema hatoki mpaka mtu mwingine akubali kumpokea."

"Ukanichagua mimi."

"Nyinyi ni watu wa maombi. Nilidhani atakaa kwenye mti."

"Njoo, Murithi. Mchungaji anakungoja."

"Siwezi kuingia humo." Akavuta pumzi. "Mwacheni akae, Lynette. Mtoto atazoea. Mimi nilizoea."

Kama ni adui aliyesema hivyo, Lynette angevumilia. Aliiweka simu mezani bila kuikata, akamgeukia Eustache.

"Omba, Mchungaji."

Wakaomba, Kangethe akiwa amemkumbatia mtoto aliyekuwa mzito kuliko mwili wake, Eustache akiliita Jina lile moja tena na tena huku udi ukiwakaba koo, magogo yakigongana kama meno, vumbi la ubao likinyesha kutoka kwenye mapengo yote, mpaka kitu kikapita katikati yao kuelekea nje na nyumba nzima ikashuka kwa kishindo kimoja.

Jennifer akaanza kulia, kwa Kiingereza, akiomba maji.

Ndipo hodi ikasikika kwenye simu mezani, kisha sauti ya Murithi, kwa mbali kama ya mtu aliyekwisha kuiweka simu yake chini, imejaa machozi ya furaha.

"Dada? Umefika upesi hivi?"

Lynette aliirukia simu. "Murithi, mimi niko Scarborough. Huyo si mimi. Kaka, usifungue."

Hakusikia. Walimsikia akitembea, akiomba msamaha kila hatua kama mtoto mdogo; na kutoka nje ya mlango wake sauti ya Lynette ikimjibu, kwa upole, kwamba yamekwisha, amemsamehe, amekuja na wageni.

Kitasa kikazunguka.