Resori ya Upande wa Waridi

Glasi ya chai ilipoanza kuteleza, Swedi alikuwa amesimama upande usiofaa, kiganja wazi, kama golikipa anayengoja mpira ulioingia wavuni zamani.

Alikuwa amewaita majirani wa mtaa wake pale Ndosho, Goma, waje kuona maajabu. Gari lake la vipande, lililomfikia ndani ya masanduku na akaliunga mwenyewe kipande kwa kipande, lilikuwa limesimama uani juu ya magurudumu yake: pua ndefu, mashine nje bila haya, magurudumu ya mbele yamechomoza kando kama macho ya kaa, viti viwili tu, na lilikaa chini kiasi kwamba hata kuku walilipita wakilitazama kwa dharau. Magari ya namna hiyo aliyaona Dubai enzi akizurura na malori ya watu, akarudi nayo kichwani kama homa.

"Muangalie sasa," aliwaambia. "Resori ya upande wangu ni laini. Ya kuume ni nguvu. Gari ikiwa bila mutu, inalalia kwangu kidogo. Naweka hii chai juu ya kapo, hapa juu ya pua, itatelemukia kwangu, nitaikamata, nitaikunywa. Mupige makofi kisha."

Akaiweka. Glasi ikafikiri kidogo, kisha ikaenda zake upande wa kuume, ikadondoka, na chai yote ikaishia kwenye kanzu nyeupe ya Mwalimu Mahamudi.

"Alhamdulillahi," alisema Mwalimu akirukaruka. "Na sukari ulitia mingi."

Watu walicheka hadi mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, aliyekuwa anapita na mzigo wa makaa akasimama kuuliza nani kaoa. Swedi alicheka kuwashinda wote; ndivyo alivyojifunza duniani, kuwahi kujicheka kabla hawajakufikia. Kisha akachuchumaa kutazama chini ya gari, na kicheko kikamkauka mdomoni. Upande wa kuume ulikuwa umezama. Resori imejibana, chuma juu ya chuma, kama inavyojibana mtu anapokuwa amekaa.

Kiti cha kuume kilikuwa kitupu.

Asiyejua magari atauliza: resori ni nini hata mtu atoke jasho kwa ajili yake? Resori ni chuma kilichojisokota, kimevalishwa juu ya amotisa, lile bomba linalotuliza mtikiso, kama bangili juu ya mkono. Hicho ndicho kinachobeba. Ukiweka laini mno, gari linasugua tumbo kwenye mawe ya volkano, na Goma haina barabara, ina mawe yaliyopewa majina ya barabara. Ukiweka ngumu mno, unafika Sake huna meno. Kwa hiyo huchagui resori kwa kubahatisha. Unapima gari, halafu unapima watu watakaokaa ndani yake.

Swedi aliwapima watu wake. Yeye mwenyewe alikuwa mwembamba kama fagio, hilo halikuwa siri. Lakini mkewe, Waridi, alikuwa mwanamke mwenye mwili na mwenye kuujua mwili wake. Alimpeleka kwenye depo ya maharage, akampandisha kwenye mzani wa magunia, na Waridi akasimama pale na kitenge chake cha manjano kama malkia anayekagua jeshi.

"Hizi kilo ziweke mu roho yako, Papa Jamila," alimwambia. "Siku huyu fundi wako Henri atazijua, utalala mu hii gari yako mpaka mwisho wa dunia."

Resori ya kuume ilichaguliwa kwa kilo zile. Kisha ugonjwa ukaja, ukamla Waridi kidogo kidogo, mvua zikiingia na zikitoka. Swedi alipombeba mara ya mwisho kumtoa kitandani, mikono yake ilijiandaa kwa uzito aliouzoea, na uzito haukuwapo. Nusura amrushe juu, kama mtu anayeinua ndoo akidhani ina maji. Mpaka leo mikono yake haijasahau.

Baada ya arobaini alirudi uani kulimaliza gari. Henri, fundi wa kuunga vyuma aliyemsaidia, aliishika ile resori ngumu akamtazama.

"Muzee, hii tunaiweka ya nini? Si uko peke yako sasa? Tuweke ile laini."

"Weka, Henri."

"Itasimama juu bure, muzee. Itakuwa inangoja mutu."

"Weka, nimesema."

Henri akaiweka. Na sasa ilikuwa imebonyea, bila mtu.

Swedi na Henri walifanya yote ambayo wanaume wenye akili hufanya ili wasifikirie jambo moja. Waliilaumu resori, wakaitoa, ikajinyoosha mikononi mwao vizuri kabisa. Waliilaumu amotisa. Waliilaumu ardhi: "Huu mji unakaa juu ya moto, labda kunazama hapa tu," Henri alisema, wakalisukuma gari mpaka upande wa pili wa uwanja. Wakaazima resori ngumu kupita ile, ya gari la mizigo. Jioni, adhana ya magharibi ilipokwisha na giza likianza kutambaa juu ya mabati, wakasikia *kwiii*, taratibu, na nyuma yake amotisa ikapumua kwa muda mrefu. Upande wa kuume ukashuka mbele ya macho yao.

Henri akakusanya spana zake. Hakukimbia. Alitembea tu kwa namna ya mtu ambaye miguu yake inamtangulia. "Nitakuja kesho, muzee," alisema, na kesho hiyo haikufika.

Swedi alibaki. Ndipo akaisikia harufu: tangawizi iliyokaangwa, pamoja na mafuta ya mgando yenye vanila ambayo Waridi alijipaka shingoni kila alipotoka kuoga. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, baridi, kama jiwe lililolowa ndani ya shimo. Hiyo ya pili aliamua kutoisikia.

Akafungua mlango wa dereva, akakaa. Hakugeuza kichwa.

"Ni weye?" alinong'ona.

Kiti cha kuume kililia kidogo, kama mtu anavyojisogeza ampe mwenzake nafasi.

Tangu hapo jioni zake zikawa hizo. Alikuwa akikaa na kuhadithia: bei ya nyanya hapana, habari za majirani ndiyo, nani kamgombeza nani. Alijicheka pia, maana mwanamume aliyevuka mipaka yote ya dunia hii sasa alikuwa anasafiri kila jioni bila kutoka uani. Aliirudisha resori ya Waridi, akalegeza amotisa ili siku wakitoka mawe yasimuumize mgongo. Akapima kwa jeki na mizani, chozi likimtoka: kilo zilikuwa zile zile za siku ya maharage. Si za mgonjwa. Za Waridi mzima, mwenye mwili wake. Akajiambia Mungu amemrudishia ule uzito ambao mikono yake iliukosa. Ni nani angekubali kukosolewa hesabu kama hiyo?

Jamila, binti yao, hakujua lolote. Alikuwa na mtihani wa ualimu, na asubuhi moja ya mvua alikimbia kutoka nyumbani na mfuko kichwani, akafungua mlango wa kuume, akajitupa ndani akisema, "Papa, leo utanipeleka na hii chombo yako, pikipiki zote zime..."

Akatazama chini, kwenye kiti alichokalia.

Swedi, aliyekuwa mlangoni akitafuta kiatu, aliona gari likishuka, na likiendelea kushuka kupita uzito wa msichana, hadi tumbo la gari likagusa mawe, na nyuma ya kioo chenye mvua aliona uso wa mwanawe ukigeuka rangi na mdomo wake ukifunguka bila sauti na mikono yake ikishika hewa mbele ya kifua kama inayobandua kitu kilichomzunguka, naye akakimbia mguu mmoja wazi juu ya changarawe kali za volkano, akavuta mlango ukakataa, akauvuta tena huku akiita jina la mkewe, si la binti, na hapo ndipo mlango ukaachia.

Jamila alimwangukia. Alikuwa baridi kama samaki.

"Papa," alinong'ona, meno yakigongana. "Kuko mutu mu ile kiti. Nilikaa juu ya magoti yake."

"Ni mama yako," Swedi alisema haraka, na aibu ya maneno hayo ingekuja baadaye. "Usiogope. Ni mama yako tu."

Jamila alimtazama kama anavyotazamwa mlevi. "Mama alikuwa ananikamata polepole, Papa. Huyu hakutaka kuniachilia."

Akalala, na hakuinuka vizuri tena. Alikula, lakini chakula hakikukaa mwilini. Bangili zikaanza kumteleza mkononi. Dada wa zahanati alipima damu, akapima tena, akasema haoni kitu. Na kila jioni, *kwiii*, gari lilizidi kuzama. Swedi alikwenda kulipima: uzito ulikuwa umepita ule wa Waridi. Akaingia ndani, akambeba Jamila kumgeuza ubavu, na mikono yake, ile mikono isiyosahau, ikajiandaa kwa uzito ambao haukuwapo.

Akamwita Mwalimu Mahamudi.

Mwalimu alikuwa kijana kuliko Swedi. Asubuhi alisomesha watoto Kurani, mchana aliuza saruji. Alikuja na kanzu nyingine, ya kijivu. "Ile nyeupe imekuwa ya chai," alieleza. Alisoma juu ya kichwa cha Jamila kwa muda mrefu. Kisha akatoka uani, akasimama mbali kidogo na gari, akanusa, na uso wake ukaacha utani.

"Muzee Swedi, mimi najua saruji kuliko majini. Lakini hii si kazi ngumu kuielewa. Nani alimwandalia nafasi?"

Swedi alilitazama gurudumu la kuume.

"Maiti haina kilo. Mwenye kufa amekwenda, hesabu yake iko kwa Mungu. Lakini weye uliweka kiti, ukapima chuma kwa mutu asiyekuwapo, na kila magharibi unakaa hapo kumwita. Kuna wenye kutembea huku juu ya haya mawe, bila nyumba, bila mwili. Mumoja alipita akaona mlango wazi. Akaingia. Kosa lake liko wapi?"

"Eko na harufu yake, Mwalimu."

"Umemupa weye. Umemuhadithia kila jioni." Mwalimu akashusha sauti. "Nitasoma, lakini kusoma kwangu hakutoshi, maana si mimi nilimukaribisha. Utatoa ile resori kwa mikono yako. Utaweka ya kiti kitupu. Na utasema kwa kinywa chako kama hii kiti haina mwenyewe."

"Na kama ni yeye kweli? Nikimufukuza mara ya pili?"

"Basi chagua," Mwalimu alisema. "Mutoto eko ndani, anangoja jibu lako."

Walianza alasiri, mawingu yakiwa yameufunika wote ule mlima wa moto, Nyiragongo. Mwalimu alikaa kizingitini, kati ya Jamila na gari, akisoma. Swedi akainua ubavu wa gari kwa jeki, nayo ikalia kama haijawahi kuinua mzigo wa namna ile, akaingia chini chali na resori laini kifuani. Mvua ikaanza kupiga mabati. Boliti ya kwanza ilipolegea, juu yake kiti kikalia, na ile sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu mazishi ikasema, karibu sana, kana kwamba mtu ameinama na kuweka shavu sakafuni mwa gari:

"Papa Jamila. Kuko baridi. Unafanya nini huko chini?"

Mikono yake ikasimama. Kutoka kizingitini Mwalimu akapandisha sauti ya kisomo, na kutoka ndani Jamila akakohoa, kikohozi chepesi, cha mtu asiye na kifua, na Swedi akauma midomo akaendelea, na sauti ikaendelea nayo, ikimkumbusha kitenge cha manjano, ikimkumbusha mzani na magunia, ikicheka pale pale alipocheka Waridi, ikimwambia nimepona, umeona mwenyewe kwamba nimepona, kwa nini unanitoa na mimi nimepona, na maji ya mvua na machozi yakamwingia masikioni, na spana ikateleza ikamchuna vidole, naye akaivuta ile resori ngumu ikatoka, akaitupa matopeni, akapandisha ile laini mahali pake, akakaza, akakaza, akakaza.

"Hii kiti," alisema, akatema maji ya mvua. Akajaribu tena. "Hii kiti haina mwenyewe."

Kisomo kikanyamaza. *Kwiii*, lakini safari hii kwa kupanda: polepole, kama mtu mzima anavyoinuka kwenye kiti alichokipenda, ubavu wa gari ukainuka juu ya uso wake, ukaendelea kuinuka hadi jeki ikalegea na kuanguka kando bila kazi. Ndani ya nyumba Jamila akaita kwa sauti nzima, akiomba maji. Harufu ya tangawizi ilikuwa inaondoka.

Alipaswa kunyamaza. Mwalimu alikuwa amemwonya tangu alasiri asimwite tena. Lakini Swedi, pale chini matopeni, mwanamume mzima, hakuweza.

"Waridi!" aliita. "Niambie tu. Hata kidogo, ulikuwa ni weye?"

Hatua zilizokuwa zikienda zake zilisimama kwenye changarawe, karibu na kichwa chake, ambapo hapakuwa na miguu.

"Hapana," sauti ya Waridi ilisema. "Lakini mwingine hatakuja."