Sahihi ya Aliyepokea

Kiti cha waziri kilikuwa na joto. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jengo zima likiwa tupu, Mukunde alikigusa kwa kiganja akakuta joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Madirisha yalikuwa yamefungwa na ufunguo alikuwa nao yeye. Chumba kilinuka shati lililotoka kupigwa pasi ya mkaa.

Wizara hii ya mambo ya ndani msiitafute katika mitaa ya Kigali, nimeijenga mwenyewe. Upweke wa Mukunde ndio sikuujenga. Huo upo tele mjini. Alikulia Ngara, Tanzania, akarudi nyumbani Rwanda akiwa binti, akawa katibu muhtasi wa mawaziri watano mmoja baada ya mwingine. Picha zao zilining'inia ukutani koridoni, na kila asubuhi alizifuta vumbi huku akizisalimia. Huko Rebero alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu, akilala kimoja. Alibakiwa na wiki tatu astaafu.

Siku ya tatu baada ya hapo, simu ya mezani ililia kutoka chumba cha waziri. Waziri mpya, Gasana, alikuwa safarini Huye.

"Umeamkaje, Mukunde?" sauti ilinong'ona.

"Nani mwenzangu?"

"Sisi."

Ilikuwa na kikohozi cha waziri wa kwanza, mkwaruzo wa koo la wa tatu, na ule mvuto wa maneno wa mzee Nduwayo, waziri wa nne, wote ndani ya pumzi moja, na Mukunde, aliyewahi kuwajua watu hao kwa nyayo zao tu, alisimama na mkono wa simu sikioni huku jasho likimtambaa mgongoni na mlango wa chumba kile ukiwa wazi mbele yake, na ndani hamna mtu. Aliogopa sana. Lakini kilichomliza baadaye chooni hakikuwa hofu. Hakukumbuka mara ya mwisho alipoulizwa na yeyote ameamkaje.

Wiki hiyohiyo mlinzi wa getini, aliyemfungulia miaka kumi na tisa, alimwomba kitambulisho. Parokiani zamu za kusoma zilibandikwa, jina lake halimo. Alipouliza, katekista alimtazama tu kwa upole. Mambo yakawa mazito, Mukunde akashuka Biryogo kwa Hajati Mugeni, mshonaji anayewasomea wagonjwa dua kati ya gauni na gauni.

Hajati alimsikiliza bila kuinua mguu kwenye cherehani. Kisha akauliza, "Hivi karibuni ulitia sahihi gani?"

Mukunde akaeleza. Waziri Cassien alipoondoka, siku ya makabidhiano ilifika na Gasana alikuwa bado nje ya nchi. Wageni wamekaa, kamera zimewashwa, na desturi haisubiri mtu. Basi Mukunde, kwa kuokoa aibu, aliinama akaandika jina lake pale palipoandikwa "aliyepokea". Gasana alifika siku ya nne, akaketi, akaanza kazi. Hakuna aliyekumbuka kumkabidhi.

"Basi pamoja na kiti ulimpokea na mwenyewe," Hajati alisema kwa sauti ya chini. "Huyo ni jini wa kiti. Anakula jina la mwenye ofisi kwenye vinywa vya watu. Waziri haumii, watu wanamtaja kutwa mara mia, hata akila linabaki. Wewe, mama yangu, nani anakutaja?"

Hajati alikata uzi kwa meno.

"Mpe mwingine. Apokee kwa sahihi yake, kwa hiari. Ukistaafu ukiwa naye, dunia yote itakusahau, utabaki naye yeye tu."

Alimpelekea Gasana karatasi mpya ya makabidhiano. Yule bwana ni mnyoofu mno. "Mama Mukunde, hiyo tarehe imepita. Nikitia sahihi leo nitakuwa nimesema uongo." Akaisukuma pembeni.

Ikabaki nafasi moja: Ijumaa, siku yake ya mwisho kazini, Mukunde angemkabidhi dawati Uwera.

Uwera alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, hana baba wala mama, amepanga chumba Kabeza. Tangu aje kujifunza kazi alimletea Mukunde chai bila kuagizwa, na alimwita mama kwa namna iliyomfanya mwanamke huyo ageukie ukutani kuficha uso.

"Mama, Jumapili mimi iko nakuja kwako Rebero," alisema Ijumaa ile, akiinua kalamu juu ya karatasi ya makabidhiano. "Usinikimbie, sha," akamtania.

Mvua ilikuwa ikipiga paa. Harufu ya pasi ikapanda mpaka macho yakawasha, na chini ya meza, karibu na magoti ya Mukunde, ile sauti ikanong'ona, taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto ale, kwamba amwache binti atie sahihi tu, kwamba ni mdogo, jina lake bado bichi, halina mwenye kulililia, na kwamba mara tu wino ukikauka, mlinzi atamkumbuka Mukunde na katekista atamkumbuka na atazeeka akitajwa. Kalamu ya Uwera iligusa karatasi.

Mukunde aliinyakua karatasi akaichana vipande vinne.

"Nilikosea kuandika," alisema. "Dawati halina haja ya sahihi. Kaa tu, mwanangu."

"Ntakibazo, mama, hakuna shida."

Jumapili alipika isombe, kisamvu cha kwao, tangu alfajiri. Uwera hakuja. Jumapili iliyofuata Mukunde alikwenda Kabeza mwenyewe, akamkuta binti dukani akinunua mkate.

"Mwaramutse, mama," Uwera alimsalimu, kwa adabu anayopewa mtu mzima yeyote.

"Uwera. Ni mimi."

Binti alimtazama, akatafuta, akaona haya. "Mama unisamehe. Sisi tulionana wapi?"

Mukunde alitamani kumshika mkono. "Nimekufananisha," alisema, akampisha apite.

Alirudi Rebero kwa miguu, kilima chote. Alipofika mlangoni, kitasa kilizunguka kutoka ndani.

"Kakusahau?" sauti iliuliza.

"Kanisahau."

"Pole. Karibu ndani, Mukunde."

Akavua viatu, akaingia.